Daftari la Ukoo

Ndugu zangu, wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka ajua maana ya maneno hayo, na mwenye ng'ombe ayajua pia. Lakini leo nataka tuyatazame kwa upande mwingine. Je, watu nao hawapotei? Nasema kwamba hupotea, tena hupotea karibu na milango yetu, wala hatuna habari.

Nitawaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe, katika migomba ya Kilimanjaro. Alipofariki baba yangu mkubwa, watu wengi walikuja kuzika. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja aliyekaa pembeni, asijulikane na mtu. Alipoulizwa atokako, alijibu kwa adabu, "Mimi ni wa hapa. Babu yangu aliondoka hapa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga." Akataja jina la babu yake. Tukatazamana, maana jina lile hatukulijua. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba amekuja kutafuta shamba. Ndipo shangazi yangu akamwuliza, "Mama yake babu yako aliitwaje?" Kijana akalitaja jina. Shangazi akainuka, akamshika mikono, akalia. Jina tulilolikataa lilikuwa la ubatizo, alilolipata yule mzee huko Tanga. Nyumbani lilijulikana jina lake la utotoni tu. Kijana alikuwa mjukuu wa ndugu ya babu yetu, tumbo moja.

Baadaye alituambia kwamba amekaa mjini Moshi miaka sita, mtaa wa pili tu na duka la kaka yangu, na kwamba humo alimzika mama yake pamoja na majirani wachache. Nami niliona haya. Bibi yangu, aliyezijua habari hizo zote, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mimi ni mwalimu, tena kazi yangu ni kuwafundisha walimu. Lakini sikuandika hata neno moja la bibi yangu.

Tangu siku ile nimefahamu kwamba damu peke yake haiushiki ukoo. Ukoo hushikwa kwa mambo matatu: habari, makutano na daftari.

Kwanza, habari. Zamani habari ilikwenda kwa miguu ya mjumbe. Ikaja barua, kisha ikaja redio, na kwa miaka mingi watu wa Tanzania walisikia misiba ya jamaa zao katika matangazo ya vifo. Leo simu ya mkononi hufikisha habari kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini angalieni: aghalabu twaitana kwa misiba na michango, basi. Ukoo unaoitana kwa kilio tu, vijana wake watauogopa. Yafaa mchague mtu mmoja, wa kiume au wa kike, awe karani wa ukoo. Kila mwezi na awapashe jamaa habari: nani amezaliwa, nani amefaulu mtihani, nani ni mgonjwa, nani amehama na amehamia wapi. Na wazee wasiojua kusoma wasomewe.

Pili, makutano. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Desturi ya Wachagga ya kurudi nyumbani mwezi wa Desemba yajulikana Tanzania nzima, na mabasi ya kwenda Moshi hujaa siku hizo. Nguvu ya desturi hiyo haimo katika nyama ya mbuzi wala katika mbege, bali katika majira yake yasiyobadilika. Kila mtu ajua, hata asipoalikwa. Basi chagueni siku yenu, ikiwa ni Idi, au Krismasi, au baada ya mavuno, mkaishike. Na mkisha kula, kila mtoto asimame ataje jina lake, la baba yake na la babu yake. Wenzetu Waganda hufundishana ukoo wao, pamoja na mnyama au mmea ulio mwiko kwa ukoo huo, maana kwa desturi yao watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mtu asiyewajua jamaa zake aweza kumposa dada yake pasipo kujua.

Tatu, daftari. Kila mtu ana wazazi 2, na juu yao 4, kisha 8, kisha 16. Katika vizazi vinne tu wamekuwa watu 30. Ni kichwa gani kitakachowashika wote? Anza na wewe mwenyewe, ukapande juu. Kisha teremka tangu babu hata watoto wake, wajukuu, vitukuu na vilembwe. Kwa kila mtu andika majina yake yote, la nyumbani, la dini na la utani. Tena mama yake, mahali alipozaliwa na mahali alipozikwa. Msiwaache wanawake, kama wafanyavyo wengi. Kijana wetu alirudishwa nyumbani na shangazi, kwa jina la mwanamke.

Mzee asiyejua mwaka wake, mwulize matukio. Je, alikuwa amezaliwa Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961? Wakati wa Azimio la Arusha, mwaka 1967, alikuwa akitambaa au akichunga mbuzi? Aliolewa kabla ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, au baada yake? Hata majina ni mashahidi. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama; basi ajuaye majina ya watoto aweza kukisia ya babu zao. Vitabu vya ubatizo navyo vyafaa kutazamwa. Wazee wawili wakisema mbalimbali, andika maneno ya wote wawili, na jina la kila msemaji. Wala usimfute mtoto kwa sababu alizaliwa nje ya ndoa. Daftari si baraza la kuhukumu watu.

Mkimaliza, andikeni nakala tatu kwa wino, zikae katika nyumba tatu. Simu hupotea, na nyumba huungua.

Kijana yule ndiye karani wa ukoo wetu sasa. Desemba iliyopita alisimama chini ya migomba akatusomea majina, na alipofika kwa babu yake aliyataja yote mawili, la nyumbani na la Tanga. Shangazi aliitikia, "Ndiye."

Basi, ndugu zangu, kama kwenu yuko mzee, msingoje msiba. Nunueni daftari, mkaketi naye kesho jioni, mkamwulize kwanza jina la mama yake.