Bunduki ndani ya nyumba: sheria ya Afrika Kusini inasemaje?



Wiki iliyopita nilitembelewa na kijana mmoja wa Uvira, mkimbizi, mwenye kiduka chake huku mjini, mke na watoto watatu. Mwaka huu wamevunjiwa mara mbili, na mara ya pili wenyewe walikuwa ndani wamelala. Sasa kapata mtu wa kumuuzia bastola kwa bei ya kutupa. Akaniuliza: "Mwalimu, si nina haki ya kujilinda nyumbani kwangu?" Nikamwomba anipe siku mbili. Mimi si mwanasheria, udaktari wangu ni wa isimu, ila kusoma najua. Niliyomjibu ndiyo haya, na nayaandika kwa sababu swali hili naulizwa mara kwa mara.

Kwanza, tusichanganye mambo mawili. Haki ya kujihami ipo, na kila aliyemo nchini anayo, awe raia au mgeni. Ukivamiwa kinyume cha sheria, hatari ikiwa imeshaanza au iko mlangoni, unaruhusiwa kumzuia mvamizi kwa nguvu inayolingana na hatari yenyewe. Lakini haki ya kumiliki bunduki ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ilisema wazi kwamba kumiliki silaha si haki ya msingi katika Katiba ya hapa. Ni fursa tu inayotolewa na sheria. Wenzangu mlioko Marekani mtaona tofauti ilivyo kubwa.

Sheria inayotawala ni ile ya Kudhibiti Silaha za Moto, namba 60 ya mwaka 2000, iliyoanza kazi Julai 2004. Chini ya kifungu cha 13 mtu anaweza kupewa leseni ya silaha moja tu ya kujihami, na inadumu miaka 5. Kabla ya hapo lazima apate mafunzo na cheti, kwa kawaida awe ametimiza miaka 21, na awashawishi polisi kwamba anahitaji silaha na hana njia nyingine ya maana ya kujilinda. Halafu kuna sharti ambalo wengi hawalijui: awe raia au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Karatasi ya ukimbizi haitoshi. Kwa hiyo kijana wangu mlango ulishafungwa kabla hajabisha hodi.

Pili, sefu. Silaha ikiwa haiko mwilini mwako au chini ya mkono wako moja kwa moja, lazima iwe imefungiwa ndani ya sefu ya chuma iliyotengenezwa kwa kiwango kilichowekwa na kukazwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Polisi huja kuikagua. Hata funguo za sefu ukizitunza ovyo na silaha ikapotea kwa sababu hiyo, ni kosa la jinai. Ikiibwa, unatakiwa uripoti ndani ya saa 24 tangu ulipogundua.

Hapo ndipo watu hucheka: sasa saa nane usiku mwizi atanisubiri nitafute funguo? Hoja hiyo si ya kipuuzi. Jibu la sheria ni kwamba unaweza kuwa nayo karibu ilimradi uko nayo wewe mwenyewe; ukiiacha kitandani ukaenda kazini, umevunja sheria. Sababu inaeleweka. Bunduki ya raia mwema ikiibwa inakuwa bunduki ya jambazi, na wapo majambazi wanaovamia nyumba kwa kuifuata hiyo hiyo bunduki. Tena mtoto wa miaka 5 hajui chombo kile ni cha baba cha kujihami.

Tatu, mtu akishafyatua, mahakama inauliza nini? Mwaka 1967 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba katika mazingira fulani mtu aweza kuua hata kwa kulinda mali. Ilikuwa kesi ya mwenye duka aliyetega bunduki baada ya kuibiwa mara nyingi. Wanasheria wengi wana shaka kama msimamo ule ungesimama leo mbele ya Katiba ya 1996. Mwaka 2002, katika kesi ya baba na mwana wenye kiwanda cha mikate huko Lady Frere waliomuua mwizi aliyekuwa akikimbia, Mahakama ya Katiba ilifuta kipengele kilichoruhusu kuua ili kumkamata mtu wa aina hiyo. Kukimbiwa na mwizi si kuvamiwa.

Na Oscar Pistorius mnamkumbuka. Februari 2013 alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo, akamuua Reeva Steenkamp, akadai alidhani ni mvamizi. Mwishowe alitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, kwa kuwa alijua aliyeko nyuma ya mlango, awe nani, aweza kufa.

Kesi hiyo inanigusa. Mwaka 2007, baada ya kuvunjiwa hapa Glenwood, nilifika hadi kwenye mafunzo ya silaha. Mama watoto alikuwa akinihimiza. Kabla sijamaliza, usiku mmoja nikasikia dirisha la jikoni linasukumwa. Nikashuka na rungu. Alikuwa mwanangu wa kwanza, karudi kutoka chuoni bila kutuarifu, na funguo kapoteza. Mafunzo niliacha.

Ila siwalaumu walioamua vingine. Mei 2021 serikali ilitoa rasimu ya kuondoa kabisa kujihami kama sababu ya kupewa leseni. Miezi miwili baadaye ghasia za Julai zikatuwakia hapa KwaZulu-Natal na kule Gauteng, wakafa watu zaidi ya 350. Polisi hawakuonekana, watu wakajilinda wenyewe. Rasimu ile haikuwa sheria. Lakini kule Phoenix waliuawa watu 36, wengi kwa risasi, na baadhi ya waliofyatua walidai wanalinda mtaa. Kwa hiyo Julai ile kila upande unaitaja kama ushahidi wake.

Kijana nilimwambia: bastola ya uchochoroni inaweza kukupeleka jela miaka 15, na mkeo abaki na watoto peke yake ugenini. Akanyamaza, kisha akauliza: "Sawa Mwalimu, na wakija tena?" Tulichangishana tukamwekea nondo za dirisha na mlango wa chuma, na majirani wakapeana namba za simu. Bastola hakuinunua. Lakini swali lake bado ninalo kichwani, na sidhani kama mlango wa chuma umelijibu lote.

Nawasilisha.