Sarafu, Mpira Mweupe na Meza ya Baa

Mtu aliyezoea kuwatazama mabingwa wa puli katika televisheni, wakivunja rundo la mipira kisha wakaitia shimoni mmoja baada ya mwingine pasipo kumpa mshindani hata sababu ya kuinuka kitini, huenda siku moja akaingia baa, akaiona meza iliyosukumwa pembeni, fupi na nyembamba, akadhani kuwa kazi waifanyayo mabingwa juu ya uwanja mpana itakuwa nyepesi zaidi juu ya uwanja mdogo kama ule. Dhana hiyo si uongo mtupu, wala si kweli kamili. Kumaliza meza kwa zamu moja, jambo ambalo kila mchezaji hulitamani na wachache hulipata, hakutegemei ustadi wa mkono peke yake. Kunategemea vilevile umbo la meza, uzito wa mpira mweupe na kanuni zinazofuatwa katika nyumba ile, na mengi katika hayo hayakuamuliwa na wachezaji bali na biashara ya sarafu.

Tuanze na vipimo, kwa kuwa havina ubishi. Meza ya mashindano ya Marekani, iitwayo ya futi 9, ina uwanja wa kuchezea wa inchi 50 kwa 100, na ile ya baa, iitwayo ya futi 7, aghalabu ina inchi 39 kwa 78. Ukizidisha utaona kwamba uwanja wa baa ni kama asilimia 61 tu ya ule mkubwa, ilhali mipira ni ileile 16, kila mmoja una kipenyo cha inchi 2 na robo: saba yenye rangi tupu, saba yenye mkanda, mweusi wa namba nane ambao sharti uingie mwisho, na mweupe upigwao kwa fimbo. Faida ya udogo huo ni dhahiri, maana masafa yakiwa mafupi, kosa dogo la shabaha halipati nafasi ya kukua kabla mpira haujafika shimoni. Hasara yake haionekani upesi. Mipira imesongamana, njia zimebanana, na wawili au watatu walioshikamana ukingoni, ambao katika meza kubwa wangeweza kuzungukwa kwa utulivu, hapa huzuia nusu ya mashimo. Kwa hiyo meza ndogo hurahisisha kutia mpira na hutatiza kupanga safari ya ule mweupe, na mchezaji wa wastani hujikuta ametia minne au mitano kwa furaha kubwa kisha akakwama mbele ya fungu asiloweza kulifungua.

Kukwama huko kuna adhabu ambayo wengi hawaitii katika hesabu. Kila mpira wako uliokwisha kuingia ni kizuizi kilichoondoka katika njia za mwenzio. Aliyetia mitano akakosa wa sita amemfagilia mshindani uwanja, naye mshindani, akiwa na mipira yake saba yote mezani, ana mahali pengi pa kuanzia na vizuizi vichache vya kumtia hofu. Wajuzi wa meza za baa, kwa hiyo, hawaulizi kama pigo la kwanza linawezekana. Wao huuliza kwanza ni mpira gani utakaowatia taabu, watautatua lini na kwa msaada wa upi, na wasipopata jawabu hutia mmoja au wawili tu, kisha wakauficha ule mweupe nyuma ya mipira yao wenyewe.

Sasa tufike kwenye sarafu. Meza ya baa huuza mchezo mmoja mmoja: mipira yenye rangi ikiingia shimoni humezwa tumboni mwa meza na haitoki tena mpaka mtu alipe, lakini mweupe ukiingia kwa bahati mbaya sharti urudi, la sivyo mchezo ungekatika katikati na mteja angedai haki yake. Basi meza yenyewe yapaswa kuutambua mweupe miongoni mwa wenziwe gizani, pasipo mtu kuushika, na hapa Wamarekani na Waingereza walipata ufumbuzi wa namna mbili zilizopingana. Katika baa za Marekani mpira mweupe ulifanywa mkubwa zaidi, wa inchi 2 na thumni 3, ili usipite mahali wanapopita wengine, au ulitiwa chuma ndani ili sumaku iuvute kando. Katika baa za Uingereza, ambako mipira ya rangi ni midogo, ya inchi 2, mweupe ulifanywa mdogo zaidi yao, wa inchi 1 na thumni 7, ili upenye palepale wanapozuiliwa wenziwe.

Tofauti hiyo, iliyobuniwa kwa ajili ya mapato ya mwenye meza, iligeuza tabia ya mchezo wenyewe. Uzito wa tufe hukua upesi kuliko kipenyo chake, hivyo mweupe mkubwa wa Kimarekani, ukiwa wa dutu ileile, huwazidi wenziwe kwa kama asilimia 18, na mweupe mdogo wa Kiingereza huwa pungufu kwa kiasi hichohicho. Mpira ulio sawa na mwenziwe, ukimgonga uso kwa uso bila kuzunguka, husimama palepale. Ulio mzito huendelea mbele kidogo hata kama hukutaka, na ulio mwepesi hurudi nyuma kidogo. Katika meza ya Kimarekani ya zamani, basi, kuurudisha mweupe nyuma ni kazi ngumu, na mwenye busara hupanga safari yake iende mbele na kando. Mgeni atokaye kwenye meza ya mashindano, ambaye mkono wake umezoea mizani iliyo sawa, hupitiliza mahali alipokusudia kila mara, akalaumu fimbo. Kwenye meza ya Kiingereza mambo ni kinyume. Siku hizi zipo meza zinazoutambua mweupe kwa mwanga, nao ukabaki wa kawaida, lakini za zamani hazijatoweka. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anaweza kuijaribu meza ya jirani yake kwa njia nyepesi: auweke mweupe bega kwa bega na wa rangi, alinganishe vimo vyao, na vikitofautiana ataelewa mara moja anacheza kwa desturi ya nani.

Meza ya Kiingereza ina ukaidi wa aina nyingine pia. Midomo ya mashimo yake ni ya mviringo kama ya snuka, haikukatwa kwa pembe kali kama ya Kimarekani, na mpira unaopita ukiambaa ukingoni hutemwa bila huruma. Kitambaa chake kina manyoya, nacho hupunguza mwendo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, vipimo vyote hivi vina nguvu ndogo kuliko kanuni moja: mtu akifanya kosa, mwenziwe hupewa nini? Katika baa nyingi za Marekani, kwa mapokeo ya zamani, mweupe ukiingia shimoni mshindani huuweka nyuma ya mstari wa kuvunjia tu, na haruhusiwi kuupiga moja kwa moja mpira wowote ulio nyuma ya mstari huo. Kanuni hii huonekana ya upole, na upole wake ndio uliozaa hila: mchezaji aliyekwama, akiona mipira ya mwenziwe imekusanyika nyuma ya mstari, huutumbukiza mweupe makusudi, na mshindani akapokea adhabu ya kosa ambalo hakulifanya. Mwaka 1979 wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart, walianzisha ligi ambayo baadaye ikawa American Poolplayers Association, na katika kanuni zake aliyekosewa huuweka mweupe popote apendapo. Hapo hila ile hufa. Lakini hapo pia mchezaji mwenye mipira miwili iliyoshikamana hupata funguo mkononi, kwa sababu huweza kuuweka mweupe mahali hasa pa kuifarikisha, na meza ambayo kwa kanuni ya mstari isingemalizika hata na bingwa, humalizika na mtu wa kawaida. Waingereza katika baa zao walipokea desturi ya mapigo mawili baada ya kosa, nayo hufanya kazi karibu na hiyo: la kwanza hufungua fungu, la pili huanza safari.

Zipo desturi nyingine za kienyeji, na baadhi yake ni za ajabu. Katika sehemu za kusini-magharibi ya Marekani, na Meksiko pia, utakutana na kanuni ya kwamba mweusi sharti uingie katika shimo lilelile lililomeza mpira wako wa mwisho, na anayecheza kwa kanuni hiyo hulazimika kupanga kinyumenyume: achague shimo la mweusi, kisha mpira utakaotangulia humo, kisha utakaoutangulia huo. Mahali pengine kundi la mpira ulioutia wakati wa kuvunja, yaani la rangi tupu au la mkanda, ndilo lako, hata kama limefungamana vibaya, ilhali katika kanuni za kimataifa uchaguzi hubaki wazi hata baada ya kuvunja. Fauka ya hayo, katika baa mshindi hubaki mezani na sarafu za wanaosubiri hupangwa ukingoni, hivyo anayeshindwa huenda akangoja saa nzima kabla ya kurudi. Ungetarajia hofu hiyo imfanye kila mtu kuwa na hadhari, lakini nyumba nyingi humdharau anayeficha mpira na kumwita mwoga, na watu wazima wenye akili zao huufuata mpira wa sita wasioweza kuutia, kwa kuwa wanatazamwa.