Afisa wa Wizara Aliyeshika Kamera na Kalamu

Miaka ya 1960, mtu aliyekata tiketi ya sinema mjini Dakar hakuanza moja kwa moja na filamu aliyoilipia. Taa zilipozimwa, kwanza ilikuja sinema ya habari: Rais Léopold Sédar Senghor akimlaki mgeni wa taifa, waziri akihutubia, gwaride likipita. Zilikuwa dakika chache tu zenye sauti ya msimulizi, kisha ndipo picha ya jioni ile ilipoanza. Sinema hiyo ya habari iliitwa Actualités sénégalaises, na ilitengenezwa na idara iliyokuwa chini ya Wizara ya Habari ya Senegal. Mkuu wa idara hiyo alikuwa Paulin Soumanou Vieyra.

Wapenzi wengi wa filamu za Afrika wanalijua jina la Ousmane Sembène. La Vieyra wanalijua wachache, na hiyo ni hasara. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali, mwongozaji wa filamu na mwandishi wa vitabu, yote kwa pamoja na kwa miaka mingi. Anayetaka kujua sinema ya Afrika Magharibi ilisimamaje baada ya uhuru hawezi kuipita meza yake.

Alizaliwa mwaka 1925 huko Porto-Novo, katika koloni la Dahomey ambalo leo ni nchi ya Benin. Akiwa bado mtoto alipelekwa Ufaransa kusoma, akakulia huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliingia IDHEC, chuo kikubwa cha sinema mjini Paris, akahitimu mwaka 1955. Hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kuhitimu chuo hicho.

Shahada anayo, kamera anaijua, lakini Afrika hakuruhusiwa kuipiga picha. Tangu tarehe 11 Machi 1934 kulikuwa na amri iliyopewa jina la Pierre Laval, aliyekuwa waziri wa makoloni wa Ufaransa. Amri hiyo ilimtaka kila mtu aliyetaka kupiga filamu katika makoloni ya Kifaransa ya Afrika Magharibi apate kwanza idhini ya gavana. Wakubwa waliogopa picha zinazosema kweli. Mfaransa René Vautier, aliyepiga Afrique 50 bila kujali amri hiyo, alifungwa jela. Filamu ya Chris Marker na Alain Resnais kuhusu sanaa za Kiafrika, Les statues meurent aussi ya 1953, ilizuiwa kwa miaka kadhaa hata ndani ya Ufaransa yenyewe.

Waingereza walipita njia nyingine. Mwaka mmoja tu baada ya amri ya Laval, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianza mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Uliendelea hadi 1937. Filamu zake zilihusu kilimo, afya na faida za kuweka akiba, na Waafrika walionekana ndani yake kwa wingi, ila usukani ulikuwa mikononi mwa Wazungu. Upande mmoja wa bara kamera ilizuiwa, upande mwingine ilitumika kufundishia watu namna ya kuishi. Pande zote mbili Mwafrika hakuamua kitakachoonekana.

Vieyra na wenzake, akiwemo Mamadou Sarr, walipoona mlango wa Afrika umefungwa, waligeuza kamera kuelekea pale walipokuwa. Mwaka 1955 walitoa Afrique-sur-Seine, filamu ya dakika zipatazo 20 kuhusu maisha ya Waafrika jijini Paris: wanafunzi, barabara, mikahawa, mapenzi, upweke. Vitabu vya historia huihesabu miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa zilizoongozwa na Waafrika weusi. Kwa miongo mingi, watazamaji walikuwa wamezoea kuona Wazungu wakienda Afrika kuwapiga picha wenyeji. Safari hii vijana wa Kiafrika walisimama kando ya mto Seine wakiwatazama Wazungu, na wakijitazama wao wenyewe.

Baadaye Vieyra alihamia Dakar, na Senegal ilipopata uhuru mwaka 1960 akakabidhiwa shughuli za sinema za serikali. Kazi ya sinema ya habari ilikwenda hivi. Mpiga picha alitoka na ratiba ya wizara, akapiga alichotumwa kupiga. Mkanda haukusafishwa Dakar, maana maabara ya kuusafisha haikuwapo. Ulitiwa kwenye makopo, ukapanda ndege kwenda Paris. Huko shirika la Consortium Audiovisuel International, lililoundwa na Ufaransa mwaka 1961 kwa ubia na nchi kadhaa zilizokuwa makoloni yake, ndilo lililousafisha, kuukata, kuuunga na kuutia sauti. Kisha ukarudi Dakar kuonyeshwa. Nchi ilikuwa huru, lakini picha zake zilipita kwanza kwenye mikono ya waliokuwa wakoloni wake, ndipo wananchi wakaziona. Vieyra alilijua tatizo hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndilo lililokuwa kazi yake ya kila wiki.

Ni rahisi kuzidharau picha za namna hii na kuziita matangazo ya serikali. Ndivyo zilivyokuwa kwa sehemu kubwa: mwananchi wa kawaida alionekana akipunga mkono kando ya barabara. Lakini ofisi ile ilikuwa na vitu ambavyo kijana msanii wa Dakar asingeweza kuvinunua hata angeuza kila alichonacho: kamera, mikanda, vinasa sauti, na mafundi wanaolipwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu mfano wa mwandishi aliye ofisini. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika tangu 1926, na vitabu vyake vingi aliviandika akiwa kwenye ajira hiyo. Tofauti ni kwamba karani anaweza kujinunulia kalamu na karatasi. Filamu hainunuliki kwa mshahara wa karani. Kwa mtengenezaji filamu katika nchi changa, kukaa nje ya serikali mara nyingi kulimaanisha kukaa bila kamera.

Vieyra alizitumia nyenzo hizo kwanza kwa wajibu, kisha kwa moyo wake. Une nation est née, ya mwaka 1961, inasimulia kuzaliwa kwa taifa la Senegal. Mwaka 1963 alitoa Lamb, filamu fupi ya rangi kuhusu mieleka, mchezo ambao Wasenegali wanaupenda kupita kiasi. Ukiitazama unaona jicho la mtu aliyechoka na hotuba. Kamera inakaa na miili ya wanamieleka, mchanga, ngoma, hirizi na umati. Filamu hiyo ilichaguliwa kwa tamasha la Cannes la 1964, heshima ambayo filamu za kutoka kusini mwa Sahara zilikuwa bado hazijaizoea. Kisha akatoa N'Diongane, iliyotokana na hadithi ya Birago Diop. Diop naye alikuwa mtu wa kazi mbili: daktari wa mifugo aliyekuja kuwa balozi wa Senegal nchini Tunisia, na papo hapo mwandishi mkubwa wa ngano.

Lakini tazama Môl, filamu yake kuhusu wavuvi, inayomhusu kijana anayetaka kuufunga mtumbwi wake mashine. Aliianza miaka ya 1950, ikamalizika 1966. Ni filamu fupi, na bado ilimla karibu miaka kumi. Hapa ndipo gharama ya ajira inapoonekana wazi. Rais akisafiri, idara inasafiri. Mwaka 1966 wenyewe, mwezi Aprili, Dakar ilikuwa mwenyeji wa Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi, na kuliwekea taifa kumbukumbu ya sherehe hiyo lilikuwa jukumu la akina Vieyra. Wavuvi walingoja.

Matunda makubwa zaidi ya meza ile hayana jina lake mbele. Sembène, aliyekuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, alikwenda Moscow mwaka 1962 kujifunza filamu. Alirudi na hasira nyingi na fedha kidogo. Vieyra alikuwa na utaratibu, watu na uzoefu wa kuendesha kazi. Alimsimamia utayarishaji wa Emitaï ya 1971, kuhusu wanakijiji wa Kidiola na jeshi la kikoloni lililotaka mpunga wao, na wa Xala ya miaka minne baadaye. Georges Caristan, mpiga picha wa Actualités sénégalaises, ndiye aliyeshika kamera kwenye Xala. Mtu aliyezoea kuwapiga picha mawaziri wakikata utepe sasa aliwapiga picha waigizaji wakiwaigiza mabwana wakubwa wapya wa nchi: wanayaondoa masanamu ya Kifaransa kwenye Chama cha Wafanyabiashara kwa shangwe, na muda mfupi baadaye wanapokea kimyakimya mikoba iliyojaa noti kutoka kwa Wazungu walewale.

Serikali ilichangia gharama za Xala kupitia shirika lake la filamu, na serikali hiyohiyo ikaikata vipande kabla ya kuiruhusu ionyeshwe. Ceddo, iliyofuata mwaka 1977, haikuruhusiwa kabisa. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa tahajia: Senghor, ambaye pamoja na urais alikuwa mshairi na mwanasarufi, alishikilia kwamba jina hilo la Kiwolofu liandikwe kwa "d" moja, na Sembène akakataa kuiondoa ya pili. Watu walielewa kwamba filamu yenyewe, inayozungumzia dini, utumwa na madaraka, ndiyo iliyouma. Vieyra alikuwa amepiga picha kazi ya kuitengeneza Ceddo, na mwaka 1981, Senghor akiwa amekwishaondoka madarakani, akaitoa filamu hiyo ya nyuma ya pazia kwa jina la L'Envers du décor.

Pembeni ya yote hayo alikuwa akiandika. Makala zake zilitoka katika jarida la Présence Africaine, lililoanzishwa na Msenegali Alioune Diop mwaka 1947, tangu Vieyra alipokuwa kijana Paris. Baadaye vikafuata vitabu: Le cinéma et l'Afrique mwaka 1969, kitabu kizima kuhusu Sembène mwaka 1972, kisha mwaka 1975 historia ya sinema ya Afrika tangu mwanzo hadi 1973, inayokwenda nchi kwa nchi. Mwaka 1983 kikaja cha Senegal peke yake. Ni vitabu vya mtu aliyezoea majalada: nani alitengeneza nini, lini, kwa fedha gani, na filamu ikaonyeshwa wapi. Mhakiki aliyekaa nje asingeweza kuandika hivyo. Afisa alijua bei ya mkanda.

Alijua pia kwamba shida kubwa ilikuwa kwenye kumbi. Katika nchi zilizotawaliwa na Ufaransa, makampuni mawili ya kigeni, COMACICO na SECMA, ndiyo yaliyoamua filamu zipi ziingie. Yaliona faida zaidi katika filamu rahisi za Marekani na Ulaya, na hayakuwa na haja na Lamb wala Môl. Kwa hiyo vita vya sinema vikawa vita vya maofisa na sheria. Upper Volta, leo Burkina Faso, ilizitaifisha kumbi zake mwaka 1970. Tunis kulikuwa na Tahar Cheriaa, naye afisa wa wizara na mwandishi, aliyeanzisha tamasha la Carthage mwaka 1966. Vieyra aliungana na wenzake kuunda FEPACI, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika. Wasanii hawa walikuwa na bahati kwamba baadhi yao walijua jinsi waraka unavyoandikwa na mlango gani wizarani unaogongwa.

Nyumbani kwake pia kulikuwa na kalamu nyingine. Mkewe, Myriam Warner-Vieyra wa Guadeloupe, alikuwa mkutubi Dakar na mwandishi wa riwaya. Juletane yake ya 1982 inasomwa hadi leo.

Filamu ndefu Vieyra aliongoza moja tu, En résidence surveillée ya 1981. Alikuwa na umri wa miaka 56. Inahusu siasa za nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, rais wake na watu wanaomzunguka ikulu, yaani watu ambao kwa miaka mingi mwongozaji wake alikuwa akipanga namna ya kuwapiga picha kwa heshima. Ni vigumu kutosikitika kwamba ilichelewa hivyo. Mtu mwenye elimu yake, angekuwa huru na shughuli za wizara, huenda angeacha filamu ndefu tano au sita. Lakini hapo Xala ingesimamiwa na nani, na majina ya watengenezaji filamu wa mwanzo wa nchi kumi na kadhaa yangeandikwa na nani?

Vieyra alifundisha pia vijana wa uandishi wa habari Dakar, katika taasisi ya CESTI. Alifariki Paris mwezi Novemba 1987. Karatasi zake, zikiwemo barua, miswada na picha, sasa zimehifadhiwa katika kituo cha kumbukumbu za filamu za watu weusi cha Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na filamu zake kadhaa zimesafishwa upya na kurudi kwenye matamasha. Afrique-sur-Seine, Lamb na Môl ni fupi kiasi kwamba zote tatu zinaweza kutazamwa jioni moja, na ndizo mahali pazuri pa kuanzia.