Je, Wajua? Ujumbe Uliotumwa kwa Posta

Je, wajua kwamba Waadventista Wasabato walianza kueneza imani yao kwa posta kabla kanisa lao halijaundwa rasmi mwaka 1863? Julai 1849, James White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, alichapisha nakala 1,000 za gazeti *The Present Truth* huko Middletown, Connecticut, Marekani. Yeye, mkewe Ellen na waumini wenzao walizikunja, wakaziandika anwani na kuziombea, ndipo akazipeleka posta.

Mwaka 1869, akina mama Waadventista wa South Lancaster, Massachusetts, waliunda chama cha kutuma vijuzuu na barua kwa watu wa karibu na mbali. Mwenzao Maria Huntley alijifunza Kifaransa ili awaandikie wasomaji wa lugha hiyo. Hivyo ujumbe ulifika hata nyumba ambazo mhubiri hakuwahi kuzikanyaga.