Ndege Inapotikisika Angani: Kwa Nini Mkanda Usifunguliwe



Mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo ya huku Daraja Mbili ameitwa na binti yake aliyejifungua ughaibuni. Viza imetoka, tiketi imelipwa. Kisha mjukuu wake akamwonyesha kwenye simu picha za ndani ya ndege moja ya Singapore: chakula kimetapakaa sakafuni, barakoa za oksijeni zinaning'inia, dari limebonyea mahali watu walipogonga vichwa. Tangu siku hiyo mama anasema heri angekwenda kwa basi. Baada ya Misa alituuliza maswali mawili. La kwanza, ndege ikitikisika namna ile inaweza kukatika? La pili, kama Mungu ndiye anayetulinda, mkanda ni wa nini? Tumeona tumjibu hapa, maana si yeye peke yake mwenye hofu hiyo. Wapo mapadre na masista wanaokwenda masomoni Roma, na wapo wazazi wengi wenye watoto ng'ambo.

Ndege aliyoiona mama ilikuwa safari SQ321 ya Singapore Airlines, Boeing 777 iliyotoka London kwenda Singapore ikiwa na abiria 211 na wafanyakazi 18. Tarehe 21 Mei 2024, ikiwa imeshakaa angani karibu saa kumi, ilikuwa juu ya Myanmar katika kimo cha futi 37,000, yaani kilomita 11 na ushei. Taarifa ya awali ya wachunguzi wa Singapore ilieleza yaliyotokea sekunde kwa sekunde, na ni vizuri kuyafuata polepole.

Kwanza ndege ilianza kutetemeka kidogo na kusukumwa juu hadi futi 37,362. Mmoja wa marubani akasikika akisema kwamba taa ya kufunga mikanda imewashwa. Sekunde nane hivi baadaye ndege ikavutwa chini kwa ghafla kiasi kwamba, ndani ya muda usiofika sekunde moja, kila asiyefunga mkanda alirushwa juu, kana kwamba dari limegeuka sakafu. Kisha mwendo ukageuka, na waliokuwa wamerushwa wakaanguka. Kwa sekunde 4.6 ndege ilishuka futi 178, karibu mita 54. Hiyo ni kama nusu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Basi ile habari iliyoenea kwamba ndege "ilianguka futi 6,000" haikuwa sahihi. Kushuka huko kulikuja kama robo saa baadaye, rubani mwenyewe akiishusha ndege kwa utaratibu ili aende kutua Bangkok. Abiria mmoja mwenye umri mkubwa alifariki, ikadhaniwa ni moyo. Makumi walijeruhiwa, baadhi yao kichwani na kwenye uti wa mgongo. Ndege yenyewe ilitua salama.

Watu husema ndege "imeingia kwenye shimo la hewa". Hakuna shimo. Hewa ni kama maji ya mto: ipo kila mahali, ila haitulii. Mtazame Mto Themi unapopita juu ya mawe. Kabla ya jiwe maji ni laini, baada yake yanajikunja na kupanda na kushuka. Jani likipita hapo litarushwa huku na huku, ingawa maji hayajapungua. Ndege katika hewa ya namna hiyo ni lile jani, japo ni jani lenye injini na rubani.

Sisi wa Arusha tuna jiwe letu kubwa. Mlima Meru, wenye mita 4,566, unasimama peke yake kaskazini mwetu, na upande wa pili iko Kilimanjaro yenye mita 5,895. Uwanja wa KIA uko katikati ya majirani hao wawili. Siku mnapoona Meru umevaa kofia ya wingu lililotulia juu ya kilele, jueni kwamba upepo unapanda mlima upande mmoja na kuteremka upande wa pili, na huko unakoteremkia hewa inaweza kuchafuka. Tena mchana jua linapochoma ardhi, hewa ya moto hupanda kwa mafungu mafungu. Ndiyo sababu vindege vidogo vya watalii vinavyoruka kutoka Kisongo hutikisika zaidi alasiri kuliko asubuhi. Anayepanda vifodi vyetu kwenye barabara yenye matuta ya rasta anaijua hali hiyo, isipokuwa dereva wa kifodi huliona tuta.

Chanzo kingine ni mawingu makubwa ya mvua ya radi. Ndani yake hewa hupanda na kushuka kwa nguvu sana, na ndege zinazotoka kwetu kwenda Ulaya hupita juu ya ukanda wa Ikweta ambako mawingu hayo ni ya kawaida. Rubani huyaona kwa rada na kuyazunguka. Lakini rada ya ndege hutambua matone ya maji. Hewa kavu iliyochafuka haioni. Huko juu kabisa, ndege kubwa zinakopita, kuna mikondo ya upepo inayoweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Kandokando ya mikondo hiyo, upepo wa kasi unapokutana na wa polepole, hewa hujikunja bila wingu hata moja. Anga ni bluu, chai inagawiwa, taa ya mkanda imezimwa, na ghafla ndege inaruka.

Haya, ndege hukatika? Tusimdanganye mama: imewahi kutokea. Tarehe 5 Machi 1966 ndege ya BOAC, Boeing 707, ilipita karibu na Mlima Fuji wa Japani, mlima unaosimama peke yake kama Meru yetu, siku ya upepo mkali. Ilivunjikia angani, na watu wote 124 wakafa. Somo hilo lilinunuliwa kwa damu, na leo marubani hufundishwa kuuheshimu upande wa mlima unakoteremkia upepo. Kwa kawaida ndege ya abiria hutengenezwa ihimili nguvu ya mara mbili na nusu ya uzito wake, kisha huongezewa akiba ya nusu ya kiasi hicho. Nguvu zilizowarusha watu ndani ya SQ321 hazikuzidi mara moja na nusu. Bati na mabawa vilizihimili. Kwa shingo ya mtu aliyesimama ni jambo kubwa.

Hapo ndipo hatari ilipo hasa. Mamlaka ya anga ya Marekani ilihesabu watu 163 waliojeruhiwa vibaya kwa misukosuko ya hewa kati ya 2009 na 2022, katika nchi inayosafirisha mamia ya mamilioni ya abiria kila mwaka. Kati yao, 129 walikuwa wafanyakazi wa ndege, kwa sababu kazi yao ni ya kusimama. (Kwa hiyo mhudumu akiahirisha kugawa chai, tusinung'unike. Baada ya ajali ile Singapore Airlines iliamua kwamba taa ya mkanda ikiwaka, huduma ya chakula nayo inasimama.)

Na mambo hayaelekei kupungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichapisha mwaka 2023 hesabu za anga ya Atlantiki ya Kaskazini: katika eneo moja la kawaida, msukosuko mkali wa anga isiyo na mawingu ulitoka saa 17.7 kwa mwaka 1979 hadi saa 27.4 mwaka 2020. Wanauhusisha na ongezeko la joto duniani.

Sasa swali la pili, ambalo kwetu seminarini ndilo zito zaidi. Tumsome Mtakatifu Paulo, Matendo ya Mitume sura ya 27. Alikuwa melini akipelekwa Roma, dhoruba imewashika siku kumi na nne. Malaika alikwisha kumwambia kwamba hakuna hata mtu mmoja atakayepotea kati ya wote 276. Ahadi hiyo ilikuwa ya Mungu mwenyewe. Hata hivyo mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo aliwaonya askari kwamba hao wakiondoka, wao hawataokoka. Tena alfajiri akawahimiza wote wale chakula wapate nguvu. Paulo hakuona ugomvi kati ya ahadi ya Mungu na baharia anayejua kazi yake. Aliyemtaka Bwana Yesu ajirushe kutoka juu ya Hekalu kwa kutegemea malaika alikuwa mwingine, na tunamjua.

Kanisa linawaombea wanaosafiri angani. Papa Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa marubani mwaka 1920, na kumbukumbu yake ni tarehe 10 Desemba. Mama, sali rozari yako, ila uisali ukiwa umefunga mkanda, umeubana chini ya tumbo, hata taa ikizimwa, na hata ukilala. Ukijifunika blanketi, ufunge mkanda juu yake ili mhudumu auone bila kukuamsha. Siku ya kurudi, kama binti atakuja nawe na mtoto, mwambie aulize kuhusu mkanda wa mtoto mchanga, maana mikono ya mzazi haiwezi kumshika kwa nguvu zile.

Chooni utakwenda, usijinyime maji kwa hofu. Nenda taa ikiwa imezimwa, ushike migongo ya viti unapopita, na ukimaliza urudi moja kwa moja kitini. Hewa ikichafuka ukiwa njiani, kaa kwenye kiti chochote kilicho wazi na ufunge mkanda. Kama hakuna, kaa chini sakafuni na ushike mguu wa kiti. Hakuna atakayekucheka.