Mume Wangu Refa: Kwa Nini Anasimama Pale?

Shosti, kama hujawahi kuolewa na refa wa kikapu, ngoja nikupe picha. Wiki nzima mumeo ni mhasibu, tai shingoni, mpole, hana neno na mtu. Jumamosi saa tisa alasiri anavaa raba, anatundika filimbi shingoni, na ndani ya nusu saa watu unaowafahamu kabisa, wengine mmebanana nao kwenye daladala ya Mwananyamala juzi tu, wanamwita kipofu, mwizi, kahongwa, na mengine ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Na wewe umekaa katikati yao, umemshikia chupa yake ya maji.

Hayo mimi nimeyazoea. Mke wa refa masikio yake yanaota sugu. Lililonikosesha raha ni la mwaka jana, pale aliyesimama kumtukana mume wangu alipokuwa mdogo wangu mwenyewe, tumbo moja.

Ilikuwa bonanza la wikiendi, timu za mtaa kwa mtaa. Dogo anacheza, shemeji yake anapuliza. Zimebaki sekunde chache, timu ya dogo inaongoza kwa pointi moja. Jamaa wa upande wa pili akaingia kwa kasi akitokea kushoto, akaruka kufunga, dogo naye akaruka nyuma yake akaupiga mpira kofi safi. Bloku! Benchi zima tukasimama. Filimbi ikalia. Faulo. Jamaa akapewa mitupo miwili huru, akatia yote, mchezo ukaisha hivyo.

Dogo hakukanyaga kwetu wiki saba. Ujumbe wangu alikuwa hajibu. Mama akawa ananipigia usiku: "Mwanangu, huyo mumeo hakuwa na namna nyingine?" Sasa mimi nimjibu nini? Nilikaa upande wa meza ya waamuzi, nikaona mkono, nikaona mpira, nikaona mkono ukigusa mpira. Na mume wangu anakubali kwamba uligusa. Anachosema ni kwamba faulo haikuwa mkononi, ilikuwa kiunoni.

Usiku mmoja, mtoto keshalala, nikamwambia anieleze mwanzo hadi mwisho. Akachukua vikombe vya chai na bakuli la sukari, akanipangia uwanja mezani. Bakuli ndilo kikapu.

Kumbe marefa wanapokuwa wawili hawakimbii ovyo wanakopeleka miguu. Mmoja ni refa wa mbele: mpira ukielekea kikapuni anatangulia, anasimama nje ya mstari wa mwisho, karibu na kikapu lakini si chini yake. Mwenzake ni refa wa nyuma: anafuata mpira kwa nyuma, pembeni kushoto, kati ya mstari wa katikati na mstari wa pointi tatu. Ukichora mstari kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine unakata nusu ya uwanja kona kwa kona. Wachezaji wote kumi wanatakiwa wawe katikati yao, kama nyama ndani ya mkate. Mpira ukiporwa, majukumu yanageuka papo hapo: wa nyuma anakuwa wa mbele, anatimua mbio kwenda upande wa pili, wa mbele anabaki kuwa wa nyuma. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Hesabu mwenyewe mtu wa ofisini, amekaa kwenye kiti tangu Jumatatu, anakimbia mita hizo mara ngapi kwa dakika 40 za mchezo.

Kilichonishangaza ni macho. Mimi siku zote nilidhani refa kazi yake ni kuangalia mpira. Wapi! Mpira ukiwa mbali huko nje, wa nyuma ndiye anayeuangalia, pamoja na miguu ya mpigaji: je, amekanyaga mstari wa pointi tatu? Mstari huo uko mita 6.75 kutoka kikapuni tangu 2010, zamani ulikuwa 6.25, na kidole kimoja cha raba kinaweza kubadili tatu ikawa mbili. Wa mbele muda huo yuko na wale majitu wanaosukumana chini ya kikapu. Mashabiki tunamwona anaangalia pembeni, tunapiga kelele, "Refa, mpira uko huku!" Anajua uko huko. Mwenzake anao. (Nikamuuliza mume wangu kama nyumbani pia anagawana macho namna hiyo. Alicheka, hakujibu. Nimeiweka kumbukumbu.)

Halafu kuna lile neno analolisema kila siku: nafasi. Si nafasi ya kukaa, ni ule upenyo kati ya mshambuliaji na mlinzi. Refa anatafuta pembe inayomwonyesha upenyo. Watu wawili wakiwa mstari mmoja na macho yako wanakuwa mtu mmoja, hujui kama wamegusana au wamepishana. Hatua moja au mbili kando, unaona hewa katikati yao, na hewa ikizibwa unajua nani kaiziba. Ndiyo maana refa mzuri hatulii, anasogea kidogo kidogo hata mchezo ukiwa umepoa. Kuwa karibu peke yake hakusaidii. Ukiwa karibu mno, mgongo mmoja mpana unakufichia kila kitu.

Akachukua vikombe viwili. Kimoja dogo, kingine yule jamaa. Akanisogezea macho yangu nilipokaa siku ile: kikombe cha dogo kimekificha cha jamaa chote, juu tu ndiyo kunaonekana mpira. Akazungusha mpaka alipokuwa yeye, mstari wa mwisho. Upenyo ule pale, na kiuno cha dogo kinaufunga kabla mkono haujafika juu.

Wenzetu wamelitatua kwa kuongeza mtu. NBA ilijaribu marefa watatu msimu wa 1978-79, ikaacha, kisha ikawarudisha moja kwa moja msimu wa 1988-89. Kwa hiyo kijana wetu wa Dar, Hasheem Thabeet, alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, bloku zake zilikuwa zinatazamwa na jozi tatu za macho. Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali Mei 2021, nayo ni watatu. Wa tatu anakaa upande ulio mkabala na refa wa nyuma, usawa wa mstari wa mitupo huru, analinda ule upande ambao hauna mpira. Kwenye mabonanza yetu ya saruji iliyopasuka, wawili wakipatikana mshukuru. Mtu wa tatu ni posho ya tatu, na anayeandaa bonanza bado hajalipia spika.

Wiki ya nane, mama akaugua presha kidogo, tukakutana wote kwake. Wanaume wawili, sebule moja, televisheni imewashwa, hakuna anayeiangalia. Mume wangu hakuomba msamaha, na mimi sikumwomba aombe. Alisema tu, "Shem, Jumapili asubuhi tuna mazoezi ya marefa wapya. Njoo unisaidie, nina wachezaji pungufu."

Dogo akaja, nadhani kwa ajili ya mama zaidi. Wakamchezesha kwanza, kisha mume wangu akampa filimbi na kumpeleka mstari wa mwisho. Mara ya kwanza alisimama chini ya kikapu kabisa, akaona migongo tu. Mara ya pili akasogea, lakini macho yakaufuata mpira juu, chini vijana wakagongana hakuona. Mara ya tano akapuliza. Faulo, kiunoni! Yule kijana akamgeukia kwa hasira, "Braza, nimegusa mpira tupu!"

Tulicheka sisi wote, dogo hakucheka. Njiani kurudi, tulipokaribia hospitali, akasema, "Shem, ile yangu lakini ilikuwa tofauti. Wewe ulikuwa hatua moja nje sana." Mume wangu akasimama pale pale barabarani, akaanza kumchorea vumbini kwa ncha ya raba. Bodaboda zinawapigia honi, wao wanabishana kuhusu hatua moja. Nikawaacha, nikatangulia nyumbani kuongeza mchele, maana ilikuwa wazi dogo anakula kwetu.