Mohamed Amin kabla ya Korem

Jina la mpiga picha Mohamed Amin likitajwa, wengi hukumbuka Korem, Ethiopia, na picha za njaa zilizorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 pamoja na maelezo ya mwandishi wake Michael Buerk. Mamia ya vituo vya televisheni vilizirudia, na mwaka uliofuata likafuata tamasha la Live Aid. Ni kumbukumbu ya haki, ila inaanza na mtu huyu akiwa na miaka 41, kana kwamba alikuwa shahidi tu aliyebahatika kuwepo. Nashikilia kwamba kazi ya Korem ilianza kutengenezwa Dar es Salaam miaka thelathini kabla, mikononi mwa mtoto ambaye hakuna chuo kilichomfundisha kupiga picha. Tena alichojifundisha hakikuwa picha peke yake. Alijifundisha kazi nzima ya habari, tangu kubonyeza kamera hadi kuifikisha picha kwa anayeihitaji.

Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, Agosti 1943, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli, na reli ndiyo iliyoihamishia familia Tanganyika mwaka 1952. Akiwa na miaka 11 alinunua kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika, kwa shilingi 40. Wanaoidharau kamera ile kuwa kitu cha kuchezea wanasahau jinsi inavyofanya kazi. Ni boksi lenye lenzi isiyorekebishwa na kasi moja ya kufungua na kufunga, na mkanda wake hutoa picha chache tu kabla ya kwisha. Huwezi kuvuta kilicho mbali wala kuongeza mwanga uliokosekana. Kinachobaki ni miguu yako na macho yako, usogee wapi, usimame jua likiwa upande gani, ungoje hadi lini. Ukikosea, fedha imekwenda. Nidhamu hiyo haifundishwi na kamera ya bei kubwa, na mtu aliyeizoea utotoni hubaki nayo hata akipewa mtambo wa maana. Akiwa bado mwanafunzi alipiga picha za mbio za magari za Safari, zilizokuwa zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na magazeti yakazinunua. Hapo ndipo ninapoona hatua kubwa kuliko zote za ujana wake. Gari la mbio halirudi kupita mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha, na mhariri hangoji. Lazima mkanda usafishwe upesi, picha iandikiwe maelezo, ifike chumba cha habari ingali na thamani. Kijana aliyekwisha kujua hayo, akafungua kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, alikuwa mwandishi wa habari kamili kabla ya kutimiza miaka 21.

Kuna atakayesema kwamba neno "kujifundisha" limetiwa chumvi, maana shuleni kulikuwa na chama cha upigaji picha na chumba cha giza alichoweza kukitumia. Pingamizi hili lina uzito, na lina uzito zaidi tukikumbuka kwamba shule za Tanganyika ya mkoloni ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika, kila kundi na fungu lake lisilolingana na la mwenzake. Amin alisoma shule ya Waasia. Watoto wengi wa Kiafrika wa umri wake hawakuwahi kuona chumba cha giza kwa macho, na haitakuwa kweli kuisimulia habari yake kana kwamba bidii pekee ilifungua mlango. Hata hivyo chumba cha giza humwonyesha mtu namna ya kusafisha picha, hakimwambii habari iko wapi wala nani atainunua. Hayo aliyatafuta mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la bahati. Ni kweli historia ilipita karibu naye: chama cha TANU kilizaliwa mjini Dar es Salaam Julai 1954, uhuru ukaja Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964. Lakini ilipita mbele ya kila mwenye kamera mjini humo, zikiwemo studio zilizokuwa na vifaa bora kuliko vya kijana yule. Amin alivuka bahari akarudi na picha za Mapinduzi. Waziri wa Kenya Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Julai 1969, alifika mapema na kamera yake ya filamu. Bahati haiji kwa mpangilio wa namna hiyo, mwaka baada ya mwaka, kwa mtu yule yule.

Amin alifariki Novemba 1996, akiwa na miaka 53, katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Miaka mitano kabla alikuwa amepoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Atakayeandika tena maisha yake na aitaje Dar es Salaam na kamera ile ya shilingi 40 kabla hajafika Korem.